Mstari Niliouacha Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo watu watatu wamefungua mlango wa chumba cha ushauri, wakaniona, wakauliza: yupo yule mwingine? Yule mwingine ni Mnong'ono, mwenzangu wa mwaka wa nne wa famasia, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Na mimi? Mimi, Kipaza kama wanavyoniita, niliyesimama mbele ya wanafunzi elfu moja kukidai chumba hiki — mlango unaofungika, pazia, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba bila mahubiri — naulizwa alipo mwingine. Ijumaa Sista, muuguzi mkuu wa zahanati ya chuo, atachagua mmoja wetu wa kukisimamia muhula ujao.

Saa nane akaja msichana mwenye kofia nyekundu. Naye akamuulizia. Mnong'ono alikuwa stoo, hatua kumi tu, akihesabu glavu. Nikasema hayupo. Uongo. Nauandika ili niuone.

Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku. Saa sabini na mbili hazijatimia, kidonge kinafaa. Nikampa, nikampa na hotuba: kwamba mwili wake haujadiliwi na kikao chochote, kwamba kidonge hiki hakitoi mimba, kinachelewesha yai tu. Alisikiliza huku akitazama mlango. Akauliza kama akimeze pamoja na vile vyake vya asubuhi. Ndiyo, ndiyo, nikamwambia, nikaendelea. Nilikuwa nimefika pazuri.

Jumanne, 4 Machi

Kila Jumanne Sista husoma fomu zetu kwa sauti, kidole kikifunika jina la mgonjwa. Akafika yangu. "Dawa nyingine anazotumia. Mbona hapa peupe, mama?" Nikajibu hatumii chochote. "Basi andika hakuna." Nikaandika.

Kisha za Mnong'ono, zimejaa hadi pembezoni. Anaogopa sindano. Dada yake asijue. Apigiwe baada ya saa kumi. Sista akanyamaza, kama mtu aliyeonja kitu kitamu na hataki kukimeza upesi. Ukumbi mzima umewahi kunipigia makofi. Ningeyatoa yote kwa ukimya ule.

Jumatano, 5 Machi

Wakati wa chai. Mnong'ono: "Kipaza, dada wa kofia nyekundu hajaja? Alisema ana jambo. Nawaza tu, na zile dawa zake za kifua kikuu..."

Hakumaliza. Hakuhitaji.

Vile vyake vya asubuhi.

Na hili nalijua. Mtihani wake nilipata tisini na moja. Dawa za kifua kikuu hulifanya ini liifute homoni ya kidonge kabla haijafanya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo huelezwa kwanza kitanzi cha shaba cha kuwekwa ndani ya mji wa mimba, ambacho hakina homoni, ndani ya siku tano tangu tendo. Akikikataa, hupewa dozi maradufu. Mimi nilimpa kidonge kimoja na ufasaha.

Siku tano zinaisha kesho usiku. Muuguzi wa vitanzi anaondoka saa kumi jioni. Namba ya simu ya msichana sikuichukua, anayo Mnong'ono. Nikaenda kuzunguka mabweni na maktaba nikitafuta kofia nyekundu. Nimeziona mbili, zote vichwani mwa wanaume wenye ndevu. Yaani niko tayari kuzunguka chuo kizima ili nisimwombe Mnong'ono namba moja ya simu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Kikatoka hiki tu: nilimwambia hupo, na sikumuuliza dawa. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti. "Ungeniita tu, Kipaza. Nilikuwa nahesabu glavu." Bora angenitukana.

Saa tatu, simu haipokelewi. Saa tano, haipokelewi. Katikati ya hapo nikaenda kwa Sista, nikaomba fomu, nikakata lile neno hakuna, nikaandika sababu. Akasoma. "Kesho tutaongea," akasema. "Leo mtafuteni."

Saa saba na nusu akapokea. Mnong'ono akamuuliza kwanza kama yuko peke yake. Mimi nisingeuliza. Kisha: "Jumatatu tulisahau kukuuliza kuhusu dawa zako." Akaingia ndani ya kosa langu kama mtu anayekamata upande wa pili wa meza nzito, bila kuombwa. Nikamwonea wivu hata hapo. Hapo hasa.

Akaziba simu kwa kiganja. "Anakuja saa tisa asikie habari za kitanzi. Hajakubali. Anaogopa. Anauliza kama dada wa hotuba atakuwepo."

"Mwambie nitakaa mapokezi."

Saa tisa na robo. Niko mapokezi. Wameingia wawili, wote wameuliza yupo yule mwingine. Nimewajibu yupo, kaeni. Bado inachoma.

Saa tisa na dakika arobaini. Kofia nyekundu haijaingia. Muuguzi wa vitanzi ameanza kutazama saa yake. Kila mlango ukisukumwa natazama vichwa tu.