Vibao vya Chungu cha Sabuni

Kavira mjukuu wangu,

Hapa Majengo tunaamka, na siku hizi hiyo inatosha. Nyanya yako anakohoa, lakini jana alifika soko la Kituku kununua sambaza, akarudi na maneno mengi kuliko samaki.

Unaandika kwamba kule labo ya chuo, muti ukishatolewa gundi yake ya ndani, unalegea na kukatika. Unauliza kama uache masomo. Nimechoka, sijui tena kushauri mutu. Nitakuambia tu kosa langu la ujana, nilipokuwa nachonga chukudu na baba, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

Nilitia vibao vyembamba ndani ya chungu cha mama, cha maji ya majivu ya kupikia sabuni, nikitaka vilainike nivipinde. Nikavisahau siku tatu, mama akichochea moto bila kujua. Maji yakawa meusi kama kahawa, vibao vikalegea kama kitambaa kilicholowa. Kwa kumuogopa baba, nilivirundika vikiwa bado na maji, nikavificha chini ya jiwe kubwa la volkano.

Baba alipoliinua lile jiwe, majuma yalikuwa yamepita. Vibao vilikuwa vimeshikana kuwa kimoja, chembamba, kikavu. Alikipigilia musumari, musumari ukapinda.

"Wewe mutoto," akasema, "umeharibu, lakini umeharibu muzuri."

Akakichonga kuwa komeo la mlango.

Mlango wa nyumba hii tumeubadilisha mara tatu, sababu yake sitaiandika. Komeo ni lile lile. Ukija, piga hodi kwa nguvu. Kwa kusukuma halifunguki.

Babu yako