Tangawizi ya Mama Adela

Jumanne. Mvua ilinyesha asubuhi, halafu jua likatoka kali, na matope ya avenue yetu yanafuka kama sufuria ya bukari, ugali wetu.

Leo nimemufundisha adabu mwenye butiki ya kona. Nilimusemesha kwa sauti, mbele ya watu wote, mupaka akatoa machozi.

Uongo. Aliyetoa machozi ni mimi, na nilingoja kwanza nifike nyumbani.

Butiki ile ilikuwa ya Papa Zabuloni, mutu wa Fizi, kipara, mudomo haufungi. Nilinunua kwake tangu mutoto wangu Adela hajaota meno. Sasa Adela mwenyewe ameanza kuyapoteza kwa uzee.

Kwetu ukinunua kitu unaongezewa kidogo bure, hiyo njo tunaita matabishi. Unalipa, unapokea, halafu unaacha mukono wazi pale kwenye vyuma vya dirisha. Huombi. Mukono njo unasema. Mwenye butiki anatia kitunguu kimoja, ao chumvi kidogo, na heshima imekamilika.

Papa Zabuloni alikuwa bahili. Kumutoa kitunguu ni kama kumung'oa jino. Mimi alinipa kila mara tangawizi moja, nyembamba kama kidole cha mutoto, na kusema:

"Si yako, wewe muzee mulafi. Ya Mama Adela. Anaendeleaje?"

Nami najibu: "Anaendelea kunitesa."

Mama Adela, bibi yangu, alitutoka mwaka jana wakati wa kiangazi. Matanga yalipoisha nilienda kununua sabuni. Nililipa, nikaficha mukono haraka mufukoni. Papa Zabuloni akagonga vyuma.

"Lete huo mukono."

Akatia tangawizi. "Ya Mama Adela. Anaendeleaje?"

Nikaitia tangawizi mufukoni. Kisha nikajibu: "Anaendelea kunitesa."

Tuliishi hivyo, wazee wawili waongo. Sabuni niliyonunua inaweza kufua nguo za Kalemie nzima. Tangawizi sikunywa hata moja. Ziko nyumbani kwenye sahani ya Mama Adela, zimekauka.

Sasa miguu ya Papa Zabuloni imekataa kazi, watoto wake wamemupeleka Kabalo, na butiki imeuzwa. Mwenye mupya ni mama kijana wa kutoka Lubumbashi, masikio yote mawili yamezibwa na nyuzi za simu. Nilimusalimia, hakuitika. Nikasalimia tena.

"Sema unataka nini, papa." Macho kwenye simu.

Nikasema sabuni. Akaisukuma kama mutu anayemutupia mbwa mufupa. Nikalipa. Halafu, kwa mazoea, nikaacha mukono wazi.

Akauangalia. Mukono wangu huu, umekauka, umejaa alama za kamba za bandarini. Sura yake ikabadilika, akanionea huruma. Akakata nusu ya mukate, akanitilia.

"Kamata, papa. Lakini kesho usisimame hapa, unazuia watu wa kununua."

Alifikiri ninaomba.

Nyuma yangu mutu alicheka, mwingine akamunyamazisha. Na mimi, mwenye ulimi wa pilipili, nilisema nini? Nilisema: "Aksanti, mama."

Nusu nzima ya mukate! Zabuloni hajatoa kitu kikubwa hivyo tangu azaliwe. Niliula njiani, tena ulikuwa mutamu, njo kinachoniuma zaidi.

Simulaumu sana. Angejuaje? Na ningemuambia nini, mutu mwenye nyuzi masikioni? Kwamba nimekuja kuchukua tangawizi ya marehemu?

Jina la bibi yangu lilibaki kutajwa mahali pamoja tu katika muji huu, pale kwenye vyuma. Wengine wote wanaliogopa. Wananipa pole, wanaharakisha kwenda.

Leo halikutajwa.

Sasa wewe Papa Muteba, jirani yangu wa kushoto. Najua unasoma kwa siri haya ninayoandika humu mutandaoni, maana nasikia kicheko chako kupitia ukuta. Siku upepo wa ziwa ulipoinua mabati yako, nani aliyalalia kwa tumbo mupaka ukapata misumari? Mimi. Shati langu likapasuka, na sikukudai kitu. Leo nadai.

Kesho asubuhi, ukipita mbele ya mulango wangu, usinipe pole. Simama kidogo, uniite muzee mulafi, halafu uniulize tu Mama Adela anaendeleaje.

Jibu ninalo.