Malkia wa Nyota Hakufufuka

Turiani, 18 Agosti 1996

Shemeji Angelina,

Salamu. Sisi huku tupo, miwa tunakata, mgongo unauma.

Ile picha ya vita vya nyota imekuja sehemu ya pili. Unajua marehemu dada yako Devotha alivyoipenda. Ya kwanza ilipoisha malkia amekufa, Kasimiri, yule anayetutafsiria pale banda la video, akapaza sauti: "Akina mama msilie, sehemu ya pili anafufuka!" Devotha akaamini. Hata alipolala mgonjwa aliniambia, "Nikitangulia, wewe nenda ukamwone."

Jumapili iliyopita nimeenda. Nimekaa mpaka mwisho. Malkia hayumo, hata jina hawakumtaja. Nikamuuliza Kasimiri, mbona ulisema anafufuka? Akacheka. "Bro, Kizungu chenyewe nilikuwa sikijui. Nilimwona mkeo analia, nikaongeza langu."

Watu walidhani nitampiga. Sikumpiga.

Shemeji, miaka mitatu nilikuwa naingoja ile picha, najiona kama bado nina kazi aliyonituma. Sasa nimeimaliza. Asubuhi naamka, sijui naamkia nini. Ile habari yako ya kuoa mke mwingine usiniandikie tena.

Ni mimi shemeji yako,
Amosi