Nilimfundisha Nota, Leo Hanitaji Hata kwa Jina

Mpendwa mshauri Mama Truphosa, naomba msaada wako maana roho inaniuma, nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya kanisa letu hapa Garland, ndani siwezi kuingia kwa sababu wanakwaya watanisoma usoni. Mimi ni mwalimu wa kwaya, mwaka wa kumi na nne huu, na kuna binti anaitwa Natalia, alikuja kwetu na mama yake akiwa na miaka kumi, hajui do wala re, nikamfundisha nota mimi mwenyewe ubaoni, leo ana miaka kumi na tisa anasomea muziki Houston, eti mtunzi, na Jumamosi ijayo okestra nzima itapiga kazi yake, watu sitini na fidla zao, halafu kwenye programu wameandika habari za utoto wake na walimu wake watatu, hadi mpiga piano mmoja wa Carrollton aliyemfundisha miezi saba tu, mimi simo. Simo kabisa, mama. Shukrani ya punda ni mateke.

Sikatai, nilikuwa mkali. Akiwa na miaka kumi na moja alianza kutunga nyimbo zake kwenye daftari la bluu, akawaambia sauti ya pili wabaki kwenye fa wakati sauti ya kwanza wanashuka mi, vitu vinagongana hadi meno yanauma, nikamwambia, "Kwenye kwaya yangu hatukosei makusudi," nikachukua daftari, nikamrudisha Sunday School, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwaka uliofuata kamati ikataka wimbo mpya wa sikukuu ya mavuno na muda haukuwepo, nikachukua mmoja wa kwenye daftari, nikaunyoosha pale penye kugongana, na kwa kuwa kunyoosha ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, YouTube tukaandika mtunzi ni mimi, na Mungu akaubariki.

Sasa kazi ya Natalia inaanza na wimbo huo huo. Dada Kagendo, kiongozi wa sauti ya kwanza, ameona video ya mazoezi akaandika kwenye group ya kwaya, "Jamani huyu mtoto ameiba wimbo wa Mwalimu, tena ameuharibu," watu wakaweka vidole gumba, mama yake akatoka kwenye group na Jumapili hakuja. Mimi nikaona hekima ni kunyamaza. Halafu jana Natalia kanipigia: "Uncle, shikamoo. Do you still have daftari langu, the blue one? Nalihitaji, please." Nikasema nitatafuta. Mama, daftari ninalo hapa garini, je, nimwambie lilipotea tulipohama? Na niwaandikieje hao watu wa Houston waniweke kwenye programu?

Mwalimu Aliyesahauliwa, Garland

*

Mwalimu, pole kwa roho kuuma. Hiyo inayouma ni dhamira, na nimefurahi kusikia bado unayo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kwenye programu umelalamika weee, halafu daftari unalipitia mbio kama mgeni aliyevunja sahani ya mwenyeji. Na umemwita mtoto punda! Punda ni yule anayebeba mzigo wa mwenziwe, na miaka saba sasa amekubeba wewe, kila mavuno, ukiwa na joho lako, ukiinama kupokea makofi ya wimbo wa mtoto wa darasa la tano. Hata hayo mateke hajakupiga. Amekuamkia, akaomba kilicho chake kwa please.

Lako nakupa pia. Do re mi ulimpa wewe, na bila hiyo huenda leo hakuna okestra. Lakini baada ya kumpa ulimnyang'anya, na sasa umekaa kimya anaitwa mwizi, mama yake akiona aibu kuingia kanisani kwa kosa lako. Hapo ndipo nilipokasirika, na bado sijapoa. Wimbo ulimwibia ukiwa na haraka. Jina lake unamwibia sasa, ukiwa na muda wa kutosha kuniandikia mimi.

Basi fanya hivi. Watu wa Houston usiwaandikie hata herufi. Kabla hujashuka kwenye hilo gari, piga picha ukurasa wa wimbo, wenye mwandiko wake wa kitoto, iweke kwenye group ile ile alikoitiwa mwizi, uandike: "Wimbo ni wa Natalia. Mimi niliuchukua." Basi. Usianze na "Bwana asifiwe wapendwa, kama mnavyofahamu", maana walimu wa kwaya nawajua. Ile video ya YouTube, jina la mtunzi libadilishwe leo leo. Kisha uende kwa mama yake, upige hodi, uombe radhi ukiwa bado mlangoni; akikukaribisha ndani ni hisani yake.

Jumamosi uendeshe mpaka Houston, ukate tiketi kama watu wengine, ukae nyuma. Fa ikigongana na mi, mkono wako ubaki pajani, usimnyooshee mtu kitu.

Daftari umpe mkononi, si kwa bahasha. Akikuuliza kwa nini ulikaa nalo miaka yote hii, usimtafutie methali. Mwambie lilikuwa zuri, na wewe ulijua.