Baba Anataka Kuhamia kwa Mikidadi

Mbegani,
Bagamoyo.
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Sufiani,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima hapo Maskati, wewe na wifi Nasrin, na kwamba mwanetu Khamis amekwisha kuizoea shule yake mpya. Joto la huko limepungua? Na mgongo uliokusumbua wakati wa Ramadhani umepona, au bado unajifanya kijana na kubeba mizigo isiyokuhusu? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mimi nimeanza mwaka wa mwisho chuoni na huja nyumbani kila Ijumaa. Goti la baba ni lile lile.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu utanikatiza, kaka, na utacheka. Jambo hili sitaki lichekwe kabla halijasikilizwa. Dada Saida wa jirani anasafiri kuja huko keshokutwa, naye ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Baba anataka kuihama nyumba yetu. Anataka kwenda kuishi mjini, katika vyumba vya uani nyuma ya nyumba ya sanaa ya Mikidadi. Amesema hatoki mpaka watoto wake wawili waridhie. Mimi sijaridhia, na ninakuandikia kukuomba nawe usiridhie.

Wewe ulipoondoka, Mikidadi alikuwa yule mtoto wa mjomba Mwinjuma aliyeacha shule kidato cha pili na kwenda kujifunza kuchomelea mageti Mapinga. Watu wa Dar walikuwa wakinunua viwanja kule, na kila mmoja alitaka geti kabla hata ya msingi wa nyumba. Siku moja mstaafu fulani aliagiza geti lenye simba wawili. Mikidadi akamchomelea pweza, mikono yake imesokotwa kwa cheni za pikipiki na kutapakaa geti zima. Mstaafu alikataa kulichukua. Likaegemezwa kando ya barabara, magari yakaanza kusimama, watu wakashuka kupiga picha, na kabla ya mwisho wa mwezi akawa na maagizo ya kazi asiyoimaliza. Hakuna aliyetaka simba tena.

Mengine umeyasikia. Alialikwa kuonyesha kazi zake Dar, kisha Nairobi. Hoteli moja ya njia ya Saadani ikachukua papa aliyeundwa kwa vipuri vya injini za boti. Alipopata uwezo alikodi nyumba kuukuu ya mawe pale mjini, akaipaka chokaa, akaandika mlangoni PWEZA, na leo mafundi chuma wa hadi Pangani humletea kazi zao awauzie. Hatengenezi umbo la binadamu hata moja, kwa kuwa shangazi Mwanamvua alimwonya mapema kuhusu masanamu, naye alimtii. Hata utiifu wake unasifiwa! Mimi nikimtii shangazi, nani anaandika habari?

Nalisema waziwazi, kwa sababu neno halijapata kunitisha: ninamwonea wivu. Kwa muda nililipa wivu huu jina la heshima. Nilisimama katika baraza la wanafunzi nikahoji sanaa yetu inaundwa kwa macho ya nani, pwani yetu inauzwa kipande kipande kwa nani, na ukumbi mzima ukanipigia makofi. Hoja ilikuwa ya haki, nami bado naisimamia. Lakini nilipokaa nilijua kwamba nusu ya moto ule niliutoa hapa nyumbani.

Maana wivu wangu hauhusu Nairobi. Unamhusu baba.

Unamkumbuka baba tuliyelelewa naye? Umekula? Umeswali? Funga mlango. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake kwa siku, na tangu mama atangulie mbele ya haki hata mlango aliacha kuutaja. Nilipochaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi nilimpigia simu huku nikilia kwa furaha. Akasema, haya, Mungu akuzidishie, kisha akamrudishia shangazi simu. Nikajifariji kwamba ndivyo alivyoumbwa. Hana maneno, na mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho.

Kaka, anayo. Kila siku baada ya adhuhuri huvaa kanzu iliyopigwa pasi, hupanda bodaboda na goti lake bovu, na kwenda kukaa kwenye benchi la Mikidadi kuwasimulia wageni kazi za chuma. Hakuna aliyemwajiri. Alianza kwa kumjibu mtu mmoja, na sasa watu huulizia, yule mzee yupo leo?

Jumamosi iliyopita nilikwenda bila kuaga. Nikajibanza nyuma ya kundi la walimu waliotoka Morogoro kutembea. Baba alikuwa amesimama mbele ya kaa mkubwa wa bati na nondo, mwenye gando moja kubwa na jingine dogo, na akawaeleza, uso mkavu kabisa, kwamba kaa huyo ameuziwa kiwanja Mapinga chenye wenyewe watatu.

"Ndiyo maana anakwenda upande upande," akasema. "Hajui aanze kumlalamikia nani. Na gando hili limekuwa kubwa kwa kugonga milango ya ofisi."

Walimu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nikijiuliza mtu huyu ni nani.

Kisha akawapeleka kwa kasa. Kasa yule ana mapezi ya bati la pipa, na gamba lake ni chuma cha vitumbua, kile chenye vishimo vya duara. Nilikitambua kabla baba hajafungua kinywa. Ni chuma cha mama. Nimekitafuta jikoni tangu Idi nikidhani wapangaji wa shangazi wamekiazima, kumbe baba alikipeleka kwa Mikidadi kwa mkono wake. Mbele yake pana kibao kidogo: hauzwi.

Akawasimulia wageni wale kwamba siku alipokwenda kwa mara ya kwanza kujitambulisha ukweni, mama alitetemeka kwa haya, akaunguza vitumbua vyote. Vikaletwa mezani vyeusi kama makaa. Baba akavila vyote, hakusaza hata kimoja, na babu akasema mwanamume huyu ama ana njaa ama ana nia.

Kaka Sufiani, je, wewe uliijua habari hii? Mimi sikuijua. Mama yangu mzazi nimehadithiwa nikiwa nimesimama nyuma ya mabega ya walimu wa Morogoro, kama mtu aliyedoea karamu.

Wageni walipoondoka nilimfuata. Nikamuuliza kwa nini mambo ya mama anawapa watu baki na mimi ananinyima. Hakushtuka kuniona. Alikuwa akimfuta kasa vumbi kwa kitambaa.

"Hao waliuliza hiki ni nini," akasema. "Wewe mwanangu ukija unahutubia."

Mikidadi alikuwa mlangoni, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Akavuta kiti na kusema, "Karibu ukae, Mheshimiwa. Leo kikao hakina mwenyekiti." Nikaondoka bila kuaga, kama nilivyokuja.

Kesho yake akanifuata nyumbani. Akanieleza kwa upole kwamba barabara inamwumiza baba goti, kwamba vyumba vya uani ni viwili, na kwamba kimoja ni changu wakati wowote nitakapokuja kutoka chuoni. Upole wake ndio ulionichoma zaidi. Nikaribishwe kwa baba yangu mwenyewe na mtoto wa mjomba? Nikamwambia asante, na asante yangu ilikuwa na meno.

Kwa hiyo hoja zangu ni hizi. Kwanza, nyumba hii ni ya mama, na ikifungwa kufuli itakufa. Pili, baba si sehemu ya maonyesho. Tatu, Mikidadi ana baba yake, mjomba Mwinjuma yuko hai na ana afya, amchukue huyo. Kataa, kaka. Wewe ni mkubwa, neno lako litatosha.

Jumapili asubuhi

Nilitaka kuifunga barua jana, nikashindwa kuandika salamu za mwisho. Leo asubuhi nilimpelekea baba chai ukumbini. Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima, na mwanzo wake ulikuwa mzuri. Nilipomwona anavyonyoosha mguu kwa kuushika kwa mikono miwili, nikamuuliza goti hilo lilianza kuuma lini. Basi.

Akanieleza. Chai ikapoa, nikaleta nyingine, nayo ikapoa. Alitoka kwenye goti akaingia kwenye miaka yake ya kazi ya stoo, akaja kwenye ugonjwa wa mama, mambo ambayo wewe na mimi tulifichwa tusije tukavurugikiwa na mitihani. Nilijizuia kumkatiza, na nakuapia sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mwishoni akasema, bila kunitazama:

"Alasiri nyumba hii inanyamaza sana, Wahida. Kule hata nyundo inanisemesha."

Sikuwa na hoja ya nne.

Ridhia, kaka. Nyumba nitamwomba shangazi awe anaifungua na kuifagia, na kile chumba cha pili nitakichukua, ila ufunguo nitaupokea kwa baba. Lakini nina sharti, nalo si la mzaha. Mpigie baba wewe mwenyewe, kabla Mikidadi hajakupigia, umwambie kwamba umeridhia kwa sababu Wahida amekuandikia kumwombea ruhusa. Kurasa za mwanzo za barua hii zichane. Mikidadi amempa kaa, amempa kasa, amempa benchi na wasikilizaji. Ruhusa hii iwe imetoka kwangu, na baba alijue hilo.

Nisalimie sana wifi Nasrin, na umbusu Khamis kwa niaba yangu. Shangazi Mwanamvua anakusalimu na anauliza kama ubani aliokuagiza umepata mtu wa kuuleta. Adila, binti wa jirani, amejifungua salama mtoto wa kike. Mikidadi naye anakusalimu. Nimeandika kwa sababu aliniagiza.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, aibariki riziki yako, na atukutanishe tukiwa hai na wenye afya.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyetaka kugawana mapenzi yako na mtu,

Wahida binti Bwanausi