Kibao cha Watu Ishirini na Watatu

Stafford, Texas, Oktoba 2019

Neema mjukuu wangu,

Hatujambo. Mama yako yuko kazini hospitalini, na mimi nahangaika na magoti tu.

Unauliza kwa nini nilikushika mkono siku ile tulipokuwa tunakupeleka chuoni Euless, tukasimama kwenye kile kijiji chenye mtaa mmoja kati ya reli na kijito, na kibao cha barabarani kilichoandikwa kuwa kina wakazi ishirini na watatu.

Nyumbani Singida hatuhesabu watu kwa kidole. Nikiwa msichana nilithubutu, nikahesabu waombolezaji msibani. Nilipata kumi na wawili. Niliporudia, wakawa kumi na watatu, na hakuna aliyeingia. Bibi yangu alinishusha mkono, akasema ukihesabu watu kwa kidole, asiye mtu naye hujihesabisha.

Pale kijijini wewe ulinyoosha kidole ukahesabu watu tisa kwenye baraza la kanisa. Mimi niliona kumi. Yule wa kumi, ambaye wewe hukumwona, alikuwa anatuhesabu sisi, kwa kidole; ndiyo maana nilikushika mkono.

Bibi yako