Soksi ya Mama kwenye Mtungi

Damyang, Jumanne

Kwa Kaka Byeong-cheol,

Hamjambo wewe na wifi? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima, na kabichi za kuchachusha kimchi mwaka huu zimestawi ajabu.

Mwanangu Da-on alipewa kazi ya historia shuleni, aeleze kitu kimoja cha ukoo wao. Mwalimu alituonya wazazi tusiwaandikie watoto. Kazi yetu ni kuwapeleka kwa wazee waliokuwapo enzi hizo, kufunga midomo na kuwaacha waulize. Mimi, kufunga mdomo! Lakini nilitii.

Mtoto akachagua sosi ya soya ya mkahawa wako, ile unayowaambia wageni kuwa aliianzisha baba akakurithisha wewe. Ulimpokea vizuri, ukamwacha apige picha ya mtungi inamochachia sosi. Ahsante. Kisha nikampeleka kwa mama, kwenye nyumba ya wazee ulikomtupa ukidai kumbukumbu zimemtoka.

Mama alipoiona picha alicheka mpaka akapaliwa. Aliuliza ni mpumbavu gani aliyebandika soksi ya karatasi kwenye mtungi ikasimama wima kana kwamba inangoja mguu. Akamweleza mjukuu wake kwamba soksi hubandikwa juu chini, mikosi isiingie kwenye sosi, na kila mwanamke hukata yake kwa kipimo cha mguu wake. Akasema sosi ile aliianzisha yeye, baba hakuwahi hata kufunua mfuniko, alijua kula tu. Na kwamba wewe ulikuwa ukipita pale umeziba pua.

Da-on hakuridhika na shahidi mmoja. Aliwauliza majirani waliochota maji na mama, nao wakashika mbavu walipoiona soksi yako. Akaandika yote kwa mkono wake. Hata gundi alikataa nimshikie.

Sasa nikwambie, Kaka. Ni mimi niliyemwomba mwalimu mkuu akualike uwe mgeni rasmi Jumamosi, siku ya kutuza kazi hizo za historia. Ulivyokubali upesi! Wale maofisa wa mkoa wanaotaka kukupa cheo cha fundi mkuu wa sosi nao nimewaalika mimi. Da-on ameshinda, na unajua desturi ya shule yetu: mgeni rasmi huisoma kazi ya mshindi kwa sauti, mbele ya watu wote. Jina la mama, Seo Pil-nam, liko mstari wa kwanza. Yeye mwenyewe atakaa mbele kabisa, maana nimemtoa kule, anaishi kwangu. Kila asubuhi ananiuliza kama Jumamosi imefika.

Je, naona raha? Naona raha, tena sana! Miaka yote ulinikemea kwamba mtoto wa kike hana neno kwenye mambo ya ukoo. Malipo ni hapahapa duniani. Na usipokuja, wa mkoa nitawasomea mimi.

Msalimie wifi, mwambie apendeze, wapiga picha watakuwepo. Nawe usisahau miwani, Kaka, maandishi ya mtoto ni madogo.

Ni mimi mdogo wako,
Eun-sil